Kawasaki Vulcan S: Kruza Iliyoanza na Mwili wa Dereva

Kruza nyingi, yaani pikipiki za mwendo wa utulivu ambazo dereva hukaa chini na kutanguliza miguu mbele, huchorwa kwanza, kisha dereva hutafutiwa nafasi juu yake. Kimo changu ni sentimita 158, na karibu kila nilipopanda pikipiki ya aina hiyo nililazimika kunyoosha miguu kabisa ili nivifikie vikanyagio, huku mabega yakivutwa mbele na usukani uliokuwa mbali. Ndiyo maana Vulcan S, iliyotoka kama modeli ya mwaka 2015, naithamini kuliko kruza nyingine yoyote ya ukubwa wa kati.

Kawasaki wameuita mpango wao wa kuilinganisha pikipiki na mwili wa dereva Ergo-Fit, na msingi wake ni rahisi. Vikanyagio vya miguu vina nafasi tatu za kufungwa, moja ikitofautiana na inayofuata kwa milimita 25, na fundi mwenye spana huvisogeza bila kukata wala kuchomelea chochote. Usukani na kiti navyo huweza kubadilishwa kwa vile vinavyomsogeza dereva karibu zaidi, na hata vishikio vya klachi na breki hurekebishwa kulingana na urefu wa vidole. Kiti kiko milimita 705 tu kutoka ardhini. Nilipokaa juu yake kwa mara ya kwanza, visigino vyote viwili viligusa sakafu, na uzito wa kilo zipatazo 229 ukaacha kunitia hofu, kwa sababu pikipiki nzito humwelemea mtu zaidi inaposimama kwenye mteremko wenye kokoto kuliko inapokimbia.

Injini ndiyo inayoleta ubishi. Wapenzi wa jadi wanataka silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V, zenye mdundo ule usio sawa ambao Harley-Davidson waliufanya kuwa alama yao. Vulcan S ina silinda mbili zilizosimama sambamba, zenye ujazo wa sentimita za ujazo 649 na kupozwa kwa maji, kutoka ukoo mmoja na injini ya Ninja 650, pikipiki ya Kawasaki yenye mwelekeo wa kimichezo. Katika ubishi huo nasimama upande wa Kawasaki bila kusita. Waliiongezea uzito flaiwili, yaani gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini ili kuulainisha mwendo wake, na kuirekebisha injini ili nguvu ipatikane mapema, kwa mizunguko michache, jambo ambalo dereva wa kruza hulihitaji kuliko kasi ya juu. Isitoshe, injini hiyo fupi iliwezesha eksozi kupita chini yake na kiuno cha pikipiki kubaki chembamba, hivyo mapaja hayapanuliwi na mguu hushuka moja kwa moja hadi ardhini.

Breki ya mbele ni ya diski moja, nayo inatosha kwa mwendo wa utulivu. Shokapu ya nyuma, iliyolazwa upande wa kulia mahali inapoonekana wazi, ni nzuri kwa macho, lakini gurudumu la nyuma hupanda na kushuka kwa milimita 80 tu, na chini ya pikipiki hubaki nafasi ya milimita 130. Kwa barabara zetu zenye matuta yasiyo na kipimo, hilo ni tatizo la kweli, na mgongo hulisikia. Hata hivyo, kuiongezea shokapu urefu kungekinyanyua kiti pia. Nikitakiwa kuchagua, nitapunguza mwendo kwenye tuta na kukiacha kiti pale kilipo.