Shangazi, Jehanamu na sahani ya aligot

Shangazi yangu wa Toulouse hataki picha ya nusunusu. Akipigwa picha na mnazi, kilele kionekane. Sasa fikiria nimempeleka Conques, kijiji cha milimani kusini mwa Ufaransa, na juu ya mlango wa kanisa la Sainte-Foy kuna hukumu ya mwisho ya karne ya 12: viumbe 124 kwenye mchongo mmoja, Yesu katikati.

Waliookoka wametulia tu. Uhondo uko motoni: bahili kanyongwa na mfuko wake wa fedha shingoni, mpanda farasi anaporomoka kichwachini, jangili anabanikwa na sungura. Nikamsimulia Shangazi kwamba masalia ya Mtakatifu Foy mwenyewe, inasemekana, yaliibwa mji wa Agen na mtawa wa hapahapa Conques. Akauliza mtawa huyo kawekwa upande gani.

Kisha akajipanga chini ya mlango.

"Rudi nyuma, mwanangu. Nataka na moto uonekane."

Nikarudi, macho kwenye simu.

"Bado. Hebu rudi tena. Tena kido..."

Nikakaa.

Nilikaa juu ya chakula cha babu mmoja, hujaji wa kwenda Santiago, Hispania, kwa miguu. Aligot: viazi vilivyopondwa vikasongwa na jibini changa mpaka vikavutika kama ulimbo. Na ilikuwa ya moto! Niliporuka, ikanifuata. Uzi mnene ukatoka sahanini mpaka makalioni kwangu, ukarefuka, ukagoma kukatika, hadi mhudumu alipokuja na kisu. Babu akaigeuza sahani, akaendelea na upande ambao sikuukalia.

Pale juu, ukingoni mwa tao, kuna vijitu vya mawe vinachungulia, vidole tu na nyuso. Vilikuwa vinanicheka, naapa.

Shangazi, machozi ya kicheko yakimtoka, akanifunga kanga yake nyekundu: *Mdhaniaye ndiye siye*. Ndivyo nilivyoingia kanisani. Madirisha 104 ya mchoraji Mfaransa Pierre Soulages, ya mwaka 1994, hayana sura ya mtakatifu hata mmoja. Ni kioo cheupe kisichoonyesha nje na mistari myeusi, na mwanga unashuka ukutani kwa adabu. Wekundu wote mle ndani ulikuwa kiunoni kwangu.

Nilipogeuka, kundi la watalii lilikuwa limeyapa madirisha mgongo, simu zote kwangu. Na Shangazi yupo mbele yao, kwa Kifaransa safi, anawaambia warudi nyuma kidogo, nionekane mpaka miguuni.