Kama tomte ni baba, Yesu naye ni nani?

Naandika nikiwa na hasira nusu na kicheko nusu, mtanivumilia. Jumapili nimempigia mama video, watoto wakapanga foleni ya kusalimia, shikamoo bibi, marahaba, mmekua, mnakula, yale yale. Mama akauliza swali lake la kila Desemba, "Sikukuu mtasali wapi?" Sijafungua mdomo binti yangu wa miaka 7 akadakia, "Bibi, tomte ni baba, nilimjua kwa viatu." Mama hamjui tomte, yule mleta zawadi wa Krismasi wa huku Sweden, nikasema hapa nimepona. Mara mtoto akanigeukia, simu iko hewani vile vile: "Mama, kama tomte ni baba, Yesu naye ni nani?"

Nikakata simu. Nikamwandikia mama kwamba mtandao umesumbua. Wa nyumbani ukisumbua kila mtu anaelewa, ila wa Stockholm kusumbua kila nikiulizwa habari za kanisa, mama ameanza kushtuka.

Kwa ambao hamjaishi Sweden, tomte ni kile kizee cha kofia nyekundu na ndevu nyeupe. Zamani alikuwa zimwi dogo la kulinda zizi na mifugo, mchoraji mmoja anaitwa Jenny Nyström mwishoni mwa karne ya 19 akamchora vizuri mpaka akawa wa Krismasi, na kabla yake zawadi zilikuwa zinaletwa na mbuzi. Ndiyo, mbuzi. Mji wa Gävle kila mwaka tangu 1966 wanajenga mbuzi wa majani makavu mrefu kama ghorofa, na wahuni wanamchoma moto karibu kila wakipata nafasi. Hiyo sijawahi kumwambia mama, nitaanzia wapi.

Zawadi huku zinafunguliwa tarehe 24. Saa 9 alasiri ukoo mzima unakaa mbele ya TV kuangalia katuni za Donald Duck, zile zile tangu 1960, watu wazima wenye mvi wanamaliza sentensi kabla katuni haijaongea. Ukitaka kujua ibada yao iko wapi, iko hapo, jaribu kupita mbele ya TV uone. Baada ya hapo mume wangu anasimama anasema anatoka kidogo kununua gazeti. Gazeti! Giza limeingia tangu kabla ya saa 9, theluji hadi kwenye goti, eti gazeti. Baada ya dakika kumi mlango unagongwa, sauti nzito inauliza, "Humu ndani kuna watoto wema?" Na mwaka jana ile sauti nzito ilikuwa imevaa viatu vya kazini vya baba.

Sasa kinachonikera sio tomte. Kinachonikera ni kwamba hawa watu wanasherehekea kwa nguvu zote na ukiwauliza mnasherehekea nini wanaangalia chini. Mama mkwe wangu anasema wazi haamini Mungu, anakwambia wakati anakoroga kahawa, wala hapunguzi sauti. Lakini alfajiri ya tarehe 25 yuko kwenye julotta, ibada ya asubuhi ya Krismasi, anaimba nyimbo zote bila kitabu na machozi yanamtoka. Nikamuuliza, mama si ulisema huamini? Akanijibu, "Kuimba sio kuamini." Nilikaa na hilo jibu wiki nzima. Kanisa lao lilikuwa la serikali mpaka mwaka 2000, mpaka leo watu zaidi ya milioni 5 bado ni wanachama, ila siku ya kawaida benchi zimejaa baridi tupu. Shule nayo inaweza kuwapeleka watoto kanisani kufunga muhula, ila hakuna kusali! Nilikaa mle ndani mikono yangu imeshajikunja yenyewe, nikaikunjua.

Na hapo ndipo roho inaniuma, kwa sababu ni hawa hawa. Mimi kwetu ni Kagera. Waliokuja kwetu kufundisha na kubatiza baadhi yao walikuwa Waswidi, askofu wa kwanza wa Kilutheri Bukoba alikuwa Mswidi, Bengt Sundkler, ndipo akaja Josiah Kibira wa kwetu, ambaye mwaka 1977 akawa rais wa Walutheri wa dunia nzima, Mwafrika wa kwanza. Bibi yangu alijifunza kusoma kwa ajili ya Biblia yao. Leo mjukuu wao anatoka eti kanunue gazeti, na mimi ndiye naulizwa Yesu ni nani. Wametukabidhi mzigo wakaenda zao!

Najua wengine mmeshaanza. "Ulaya imemlevya." "Kaolewa na mzungu sasa hata Mungu hamjui." Ngoja. Mimi imani ilinitoka nikiwa huko huko nyumbani, kidato cha tano, sijapanda ndege hata ya kuigiza. Niliendelea kwenda kanisani miaka mingine sita kwa sababu ya mama na kwa sababu ya kwaya. Na msijifanye kama niko peke yangu, kwenye kila kwaya kuna watu wawili watatu wa hivyo, alto mmoja namfahamu mimi.

Mtasema sasa kama huamini Krismasi ya nini, acha. Haya, niambieni, Idi mlikuwa hamli pilau kwa jirani? Mmefunga hata siku moja? Na watoto wa jirani Waislamu tarehe 25 si walikuwa kwetu na nguo mpya kabisa? Hakuna aliyewauliza mnaamini nini kabla ya kupewa sahani. Mashahidi wa Yehova ndio wanamwamini Yesu na Krismasi hawaigusi. Na tarehe yenyewe Biblia haijaitaja popote, inaonekana kwenye kumbukumbu za Roma za karne ya nne, mchungaji wako anajua vizuri, muulize akiwa mwenyewe.

Ila nisiwasifie sana Waswidi, sisi pia hatukuelezwa. Tuseme ukweli. Nani alikukalisha chini akakueleza Krismasi? Ulivalishwa, ukapakwa mafuta mpaka paji la uso linang'aa, ukawekwa benchi la mbele masaa matatu. Mimi niliuliza Sunday school, kama Yosefu sio baba yake, Yosefu alijisikiaje? Nilifinywa. Mpaka leo nikiona Yosefu kwenye zile sanamu za zizini, amesimama pembeni na fimbo yake, namhurumia na mkono unaniuma. Nyumbani swali ni utovu wa adabu. Huku swali ni haki ya mtoto, lakini mzazi hana jibu, anasema "wengine wanaamini, wengine hawaamini, sisi tunawasha mishumaa kwa sababu ni giza," basi, mtoto amepewa hali ya hewa.

Mume wangu ndiyo jibu lake hilo, na nakubali giza ni kweli, bila zile taa za dirishani Desemba ya huku ingetumaliza. Lakini nilikataa. Usiku nikamkalisha binti yangu nikamwambia yote, Mariamu, safari, nyumba ya wageni imejaa, mtoto kalazwa kwenye hori la ng'ombe, wachungaji wa mifugo ndio wa kwanza kuambiwa. Nikasimulia kama bibi yangu alivyonisimulia, na sauti zote. Mwisho nikamwambia: hii bibi yako anaiamini kabisa, mimi niliiamini nikiwa kama wewe, sasa siiamini, ila naipenda. Akaniuliza, bibi anajua kwamba huamini?

Nikasema hajui.

Akafikiri. Ana mdogo wake wa miaka mitatu, yeye bado anamwamini tomte mpaka anaogopa kwenda chooni peke yake Desemba yote. Akasema, "Basi kama mimi na yeye." Sikumjibu, nikamfunika.

Jana mama kapiga tena, nimemwambia tutaenda julotta na mama mkwe, ambayo ni kweli, akafurahi, akasema niwasalimie waumini wa huko. Binti yangu alikuwa pembeni, akaniangalia, hakusema kitu. Ila amemwambia baba yake atafunga mdomo kwa mdogo wake kwa sharti moja tu, safari hii gazeti wakanunue wote wawili, na yeye ndiye atakayegonga mlango. Viatu wameshaazima kwa jirani.