Ngoma za hip hop hazikuzaliwa kwenye kompyuta

Mwandishi, umeandika kwamba midundo ya hip hop ilianza na kompyuta. Hapana, ndugu yangu, ilianza na mikono ya watu. Agosti 11, 1973, huko Bronx, New York, DJ Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika, alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake. Herc aliona wachezaji wanasubiri breki, pale vyombo vingine vinaponyamaza zikabaki ngoma tupu. Akawa anatumia santuri mbili za wimbo uleule: breki ikiisha huku, anaidaka kule, na sekunde chache zinageuka dakika nzima.

Kinachoniuma ni yule mpiga ngoma, Gregory Coleman. Ngoma zake za sekunde kama 7 katika wimbo "Amen, Brother" wa bendi ya The Winstons, 1969, zimenakiliwa na kuzungushwa hadi zikabeba rap nyingi mno na muziki wa kasi wa klabu za Uingereza miaka ya 1990. Akafariki 2006 bila kulipwa kwa hilo. Mimi napiga muziki kwenye harusi huku Kirumba, Mwanza. Vijana wakidai singeli nawaambia: vile vipande vya taarabu vinavyozungushwa mbiombio ni ndugu wa ujanja wa Herc. Tafadhali rekebisha makala, na jina la Coleman liwemo.