Kabla ya Kuuliza Ufanye Kazi Gani, Hesabu Dakika Zako

Kama unakaa nyumbani na watoto, orodha ile umeshatumiwa. Kazi 20 za kufanya ukiwa nyumbani, kazi 50, kazi 101. Tafsiri, shona, fundisha kwa kompyuta, uza nguo, fungua chaneli. Nimezisoma nyingi, nyingine nikiwa nimesimama jikoni na mtoto mgongoni, na ugomvi wangu nazo ni mmoja: zimeandikwa kana kwamba hakuna mtu atakayekuita.

Mimi ni baba. Huu ni mwaka wa nne nakaa nyumbani na watoto wawili. Anayetoka asubuhi ni mke wangu. (Neno "mama wa nyumbani" lipo tangu zamani. "Baba wa nyumbani" watu bado hulitamka huku wakitafuta pa kuangalia.) Katika miaka hiyo nimejaribu kazi sita za kuongeza kipato na zimebaki mbili. Nne zilizokufa hazikukosa wateja, wala mimi sikukosa ujuzi. Zilitaka saa mbili zilizonyooka, nami saa hizo sikuwa nazo.

Niligundua hivyo kwa karatasi. Niliibandika kwenye mlango wa friji, kalamu ikining'inia kwa uzi, na kwa wiki nzima kila nilipoketi niliandika saa, kila nilipoinuliwa nikaandika saa. Siku ya kwanza ilikuwa hivi: dakika 11, 7, 23, 4, 38 (walikuwa wamelala), 9, 6. Ukijumlisha ni dakika 98. Kichwani mwangu muda huo nilikuwa nauita "zile saa mbili za mchana", na kwa jina hilo nilikuwa nimeshawaahidi watu kazi. Saa mbili hazikuwapo. Kulikuwa na makombo, na kisha, baada ya saa tatu usiku, pande moja la dakika 90 kwa siku ambazo hakuna mwenye homa.

Tangu hapo kila nikisikia kazi mpya, swali langu la kwanza ni kama inakubali kuwekwa chini. Mambo ya malipo, vifaa na ujuzi nayaulizia baadaye.

Chukua kazi ya kunukuu sauti, yaani kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno. Kwenye kila orodha iko juu, kwa kuwa inataka kompyuta na spika za masikioni basi. Wazoefu wanajua kwamba saa moja ya sauti safi humchukua mtu wa kawaida kama saa nne kuiandika. Mimi sikujua. Mteja wangu wa kwanza alitaja malipo kwa saa, nikadhani ni saa ya kazi. Kumbe alimaanisha saa ya sauti. Faili lilikuwa la dakika 90, watu wawili wakidakiana maneno, feni ikivuma karibu na kinasa sauti. Nikaanza mchana. Narudisha sekunde kumi, nasikiliza, naandika nusu sentensi. "Baba, mkojo!" Nainuka, narudi, na sikio limeshatoka kwenye ile sauti; kulirudisha ndani kunataka dakika tatu, na dakika ya nne naitwa tena. Nilimaliza siku ya tatu usiku. Sikumlaumu mteja, maana ujumbe wake ulikuwa wazi kabisa. Siku hizi programu zinanukuu zenyewe, kazi nyingi iliyobaki ni kusahihisha makosa ya mashine, na kwa sikio lisilotulia hiyo nayo ni ngumu vilevile.

Sasa linganisha na kushona. Sisemi gauni la harusi. Nasema kubadilisha zipu, kupunguza suruali, kurudishia pindo. Ukiondoa mguu kwenye pedali, cherehani inakusubiri pale pale na mshono wako. Zipu ina hatua zake: unafumua ile mbovu, unabana mpya kwa pini, unapiga bandi kwa mkono, yaani mshono wa muda wa kushikilia, kisha unapitisha mashine na kufumua bandi. Kupiga bandi ni kazi ya makombo hasa. Nikiitwa katikati nachomeka sindano kwenye kola ya shati langu, si mezani wala kwenye kochi, naenda, nikirudi bandi inaniambia nilifika wapi. Kufumua kwa wembe na kukata kitambaa nimevipeleka usiku. Kwanza kwa sababu ya vidole vya watu wadogo, pili kwa sababu mkasi ukishapita haurudi, na mtu anayeitwa kila baada ya dakika saba asishike mkasi juu ya nguo ya mtu. Hii ni moja ya kazi zangu mbili zilizobaki. Ya pili ni kusahihisha maandishi ya watu, ambayo inakula lile pande la usiku.

Kufundisha kwa video nilipenda, na nilishindwa. Tatizo la tuisheni ni saa yake: mwanafunzi amekaa, mzazi wake amelipia, ni saa kumi na moja kamili, na mwanao ameingia na sufuria kichwani akitaka kutambulishwa. Inawezekana tu kama kuna mtu mzima mwingine ndani ya nyumba aliyekubali kushika zamu saa hiyo, kila wiki, bila kukumbushwa. Nasema aliyekubali, maana aliyepo tu hatoshi. Kama unaye, usiiache. Saa moja yenye mlango uliofungwa inalipa kuliko saa tano za kuungaunga.

Kuna kazi moja ambayo wenye orodha huitaja kwa aibu na mimi naiheshimu: kulea watoto wa wengine. Katika kazi zote za nyumbani, hii ndiyo ambayo kuitwa ndiyo kazi yenyewe. Kila mtoto anayeongezeka anaongeza uchovu, hilo usidanganyike, lakini kazi hii haigombani na siku yako, inaijaza. Kabla ya kupokea mtoto wa kwanza ulizia sheria ya unapoishi, kwa kuwa sehemu nyingi zina kikomo cha idadi na masharti ya usajili na usalama. Andikianeni saa ya kuchukua mtoto na nini kitatokea mzazi akichelewa. Akichelewa mara mbili bila maandishi, mtakuwa mnanuniana.

Chaneli za video nitazipitia haraka. YouTube, ili ikugawie mapato ya matangazo ya video za kawaida, inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Watu wanafika, wengine upesi. Usiiweke tu kwenye hesabu ya kodi ya nyumba. Na kama maudhui yako ni watoto wako, mimi nitabaki mshamba: hawajaulizwa.

Hapa kwenye utapeli nitakaa kidogo, kwa sababu mzazi wa nyumbani ni windo zuri. Ana haja, ana simu mkononi, na anaona aibu kuuliza. Kazi ya kutia barua kwenye bahasha ilikuwa mtego kabla ya intaneti, na mtego wenyewe haujabadilika: unalipa kidogo ili upewe kazi. Huitwa ada ya usajili, vifaa vya kuanzia, dhamana au mafunzo ya lazima. Mwajiri wa kweli hakutozi ili akuajiri, na hapo ndipo ninapofunga mazungumzo, hata kama mwenzangu ana nembo nzuri kiasi gani. Siku hizi kuna tapeli wa aina nyingine, mwerevu zaidi. Anakupa kazi ya kubonyeza "penda" kwenye bidhaa au kuzipa nyota, na anakulipa kweli siku mbili za kwanza, hela kidogo lakini imeingia, umeiona. Siku ya tatu kuna "kundi la kazi kubwa" ambalo ili uingie uweke kwanza fedha zako. Salio lako kwenye ukurasa wao linapanda vizuri sana. Ukitaka kulitoa, kuna ada nyingine.

Kuuza bidhaa kwa kuandikisha watu ni jambo la karibu na hilo. Kipimo changu ni kimoja: kama fedha inatoka zaidi kwa unaowaingiza kuliko kwa mtu wa nje anayenunua na kutumia, hiyo ni piramidi, hata wakiiita familia. Rafiki yangu ana maboksi manne chini ya kitanda. Mwaka wa pili huu, na bado tunapofagia tunayasogeza bila kuyataja.

Turudi kwenye kazi halali, ambayo nayo ina namna yake ya kukuibia: bei unayojipangia mwenyewe. Mzazi wa nyumbani akiulizwa bei hupunguza kabla hajaombwa. "Si niko nyumbani tu." Hilo "tu" ndilo ghali. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 260 walifanyia kazi nyumbani kwao, milioni 147 kati yao wanawake. Mkataba wa shirika hilo namba 177, uliopitishwa mwaka 1996, unataka afanyaye kazi nyumbani kwa ajili ya mwajiri atendewe sawa na wafanyakazi wengine wa mshahara, malipo yakiwamo. Nchi zilizouridhia ni chache, na ukijiajiri haukuhusu moja kwa moja. Lakini hoja yake naichukua: zipu ikishika, inashika, iwe imeshonwa dukani au pembeni ya kitanda cha mtoto.

Kwa hiyo weka bei ya kazi, si ya saa zako. Ukitoza kwa saa, kila "Baba, njoo" inakuwa mgogoro wa dhamiri: je, hizi dakika sita nimhesabie mteja? Taja bei ya zipu, bei ya kurasa kumi, na jinsi unavyozigawa ndani ya siku ni siri yako. Kabla ya kuitaja, toa makato. Fiverr, tovuti ya kutafutia wateja wa kazi ndogondogo, humkata mfanyakazi asilimia 20 ya malipo. Etsy, soko la mtandaoni la vitu vya mikono, hukata asilimia 6.5 ya mauzo, mbali na ada nyingine. Hesabu pia muda wa kujibu ujumbe. Katika kusahihisha maandishi, nilipopima, ujumbe ulikuwa unakula karibu robo ya muda wangu, na robo hiyo nilikuwa natoa sadaka.

Mtu aliyeyajua haya mapema ni Stephanie Shirley. Mwaka 1962 huko Uingereza alianzisha kampuni ya kuandika programu za kompyuta kwa mtaji wa pauni 6, akaajiri wanawake walioacha kazi kwa ajili ya ndoa na watoto, kila mmoja akifanyia kazi nyumbani kwake. Kati ya wafanyakazi 300 wa mwanzo, wanaume walikuwa watatu. Barua zake za kutafuta wateja zilipokuwa hazijibiwi, alianza kutia sahihi "Steve", jina la kiume. Aliwatajia wateja bei ya kazi nzima, jambo lililokuwa geni wakati huo, na kwa namna hiyo hakuna aliyehitaji kujua kazi ilifanywa vipande vipande. Hata programu ya kinasa data za safari za ndege ya Concorde iliandikwa na wanawake hao wakiwa majumbani. Na simu ya mteja ikilia, alikuwa akiwasha kanda yenye sauti ya mashine ya kupiga chapa, ifunike kelele za mtoto.

Kanda hiyo naifikiria mara nyingi. Inanichekesha, kisha inanichosha, kwa sababu mimi nami niliwahi kupokea simu ya mteja chooni, bomba likiwa wazi.

Lile pande la usiku nalo lina mwisho wake. Kwa miezi mitatu nililitumia kila siku, Jumapili kwa Jumatatu, na fedha iliongezeka. Kisha asubuhi moja mkubwa akamwaga maji mezani, maji matupu, nikafoka hadi mdogo akaanza kulia chumbani. Mke wangu hakusema kitu wakati ule. Jioni akachukua kalamu ya kwenye friji, akakata usiku tatu kwa mistari, akaniambia, "Hizi ni za kulala, mume wangu. Kama hazitoshi, tupunguze matumizi." Tulipunguza. Nafanya kazi usiku nne kwa wiki hadi leo, na ukiniuliza kipato chenyewe, ni cha ziada kweli. Hakijawahi kuvaa viatu vya mshahara.

Na kanda sikuweka. Simu ya kazi ikilia mchana siipokei. Natuma ujumbe kwamba nitapiga saa tatu usiku. Wateja wawili waliniacha kwa hilo, mmoja akiwa na kazi nzuri tu. Waliobaki, nikiwapigia, swali lao la kwanza huwa kama watoto wamelala.