Kifuniko cha kanoti hakiuawi na mvua

Muulize mwenye kanoti (mashua ya motere) yeyote pale bandari ya Kituku, mjini Goma, anataka kitambaa gani cha kifuniko, atakujibu bila kufikiri: kisichopitisha maji. Namwelewa. Goma mvua haingoji msimu, na kanoti iliyolala na maji ndani huharibika sakafu, viti na nyaya za motere. Ila mimi nazungumzia kifuniko cha safari, kile kinachofungwa kanoti ikiwa juu ya trela au juu ya kamyo. Hicho hakiuawi na mvua. Kinauawa na kusuguliwa.

Angalia vifuniko vilivyochanika, utaona vimechanika sehemu zilezile: kwenye kona ya kioo cha mbele, juu ya vyuma vya kufungia kamba, juu ya kichwa cha motere, na pale kamba ilipokatiza juu ya kitambaa. Katikati, ambako mvua yote humwagika, kitambaa mara nyingi bado kizima. Kwa hiyo mtu anayeingia dukani na kumwaga maji juu ya kitambaa ili kukipima anapima kisichohitaji kupimwa kwanza. Mimi ningepima msuguano na upepo kwanza, halafu jua na moshi wa volkano, na maji ningeyaacha mwisho.

Upepo watu wanaudharau kwa sababu barabara zetu hazina mwendo. Kweli, kutoka Goma kwenda Sake na Minova hakuna atakayekimbia. Lakini kanoti nyingi za faiba hazikuzaliwa hapa. Zinapanda kutoka Mombasa au Dar es Salaam kwa barabara, zinapita Kigali, zinavuka mpaka hapa Gisenyi, na njia kubwa ya huko ni lami. Mwendo ukiongezeka mara 2, nguvu ya upepo huongezeka mara 4. Gari linalotoka kilomita 40 kwa saa hadi 80 limekizidishia kifuniko mzigo mara 4, hata kama dereva anaona ameongeza gesi kidogo tu. Kitambaa kilicholegea kinaanza kupigapiga, na kila pigo linakisaga mahali palepale. Kikishafika kwetu kinakutana na vumbi la lava. Majivu ya volkano ni chembe za mwamba na kioo zenye ncha. Zinaingia chini ya kifuniko, zinakaa kati ya kitambaa na faiba, na kuanzia hapo kila mtikisiko wa barabara unakula pande zote mbili: kitambaa kinapungua, na rangi ya kanoti inapoteza mng'ao wake.

Sasa vitambaa vyenyewe.

Shiti za polithini, zile nyeupe za kambi za wakimbizi, zinazofahamika na kila mtu katika mji huu kwa sababu za kusikitisha, ziondoe kichwani kabisa. Ni nyuzi za plastiki zilizofumwa na kufunikwa kwa plastiki nyingine pande zote, kama gramu 200 kwa mita ya mraba. Zilitengenezwa zikae zimetulia juu ya miti na kuwakinga watu na mvua, na kazi hiyo zinaiweza. Zikifungwa kwenye trela zinachanika kuanzia kwenye tundu la kamba. Tena, shiti ina mahali inapohitajika zaidi kuliko juu ya kanoti ya mtu mwenye pesa ya kununua motere.

Bashi ya kamyo ndiyo inayonigombanisha na watu. Ni kitambaa cha poliesta kilichopakwa plastiki ya PVC, gramu 500 hadi 900 kwa mita ya mraba, na hoja ya wanaoipenda ni fupi: nzito ndiyo imara. Nilimwambia fundi mmoja wa mtaa wa Birere, mzee anayeshona bashi za makamyo, kwamba kwa kanoti nataka kitu kingine. Akacheka. "Papa, hii haiishi. Watoto wako watairithi." Kuhusu kamyo hakukosea. Bashi ya kamyo inalala juu ya fremu au juu ya magunia, imekazwa, na ndani ya gunia la maharagwe hakuna sponji ya kiti. Kwenye kanoti haipumui. Unyevu unaobaki ndani baada ya safari ya ziwani unanaswa humo, jua likipanda unageuka mvuke, usiku unageuka matone, na baada ya muda viti vinaota ukungu mweusi. Halafu uzito. Kifuniko kizima cha kanoti ya wastani kikiwa cha bashi nzito kinahitaji watu wawili kukipandisha, na kitu kigumu kukifunga hufungwa ovyo, hasa jioni mvua ikikaribia. Juu ya hayo, PVC hulainishwa kwa mafuta ya kiwandani ambayo jua linayatoa polepole. Yakiisha, bashi inakuwa ngumu na kupasuka kwenye mikunjo. Mzee wangu hajaikubali hoja hii hadi leo, na bashi yake bado ninaitaka, lakini kwa vipande. Nitafika huko.

Turubai ya pamba ya zamani inapendeza, inapumua, na uzi wake ukilowa unavimba na kuziba matundu. Goma siitaki, na sababu ni moshi wa mlima. Nyiragongo, mita 3,470, imesimama pale juu ya mji. Watu wanaikumbuka kwa lava ya tarehe 17 Januari 2002 na ya tarehe 22 Mei 2021, lakini kati ya siku hizo kuna gesi ya salfa inayotoka kwake na kwa jirani yake Nyamulagira, na ikikutana na mawingu inashuka kama mvua yenye asidi. Mwenye nyumba yoyote mjini anajua mabati yanavyoshika kutu mapema. Asidi hiyohiyo inakula nyuzi za pamba. Nailoni nayo, ingawa ina nguvu kuliko vitambaa vingi ikiwa mpya, haipatani na asidi wala na jua, na ikilowa inanyooka, kwa hiyo kifuniko ulichokikaza asubuhi kinaning'inia mchana. Poliesta na akriliki asidi ya kiasi hicho haizisumbui. Sisikii watu wakilizungumzia jambo hili wanaponunua, nami naona katika mji huu lingetosha lenyewe kufunga nusu ya mjadala.

Jua pia tunalichukulia kirahisi kwa sababu hapa kuna baridi. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Ubaridi wa upepo wa ziwani unaifariji ngozi, lakini uzi hauna habari nao.

Zimebaki mbili, akriliki na poliesta, na hapo ndipo penye mjadala wa kweli. Akriliki ya baharini, gramu 300 na kidogo kwa mita ya mraba, ndiyo inayosifiwa na wenye mashua za starehe ulimwenguni, na sifa hizo ni halali: rangi yake imo ndani ya uzi tangu uzi ukitengenezwa, jua haliishindi haraka, inapumua vizuri. Kanoti yako ikilala imefungwa gatini miezi mingi, chukua akriliki na usiniulize tena. Lakini akriliki haipendi kusuguliwa. Kwenye kona ya kioo inaanza kuota manyoya, halafu inakuwa nyembamba, halafu tundu. Pia inanyooka ikilowa, na kinachonyooka ndicho kinachopigapiga.

Poliesta iliyotiwa rangi kabla uzi haujasokotwa, gramu 250 hadi 300, ikiwa imepakwa dawa ya kuzuia maji upande wa ndani, ndiyo ninayoichagua kwa safari. Haivuti maji, hainyooki, inavumilia msuguano kuliko akriliki, na mtu mmoja anaikunja na kuibeba begani. Jua haliwezi sana kama akriliki, inapungukiwa kidogo. Hilo nalikubali, kwa sababu kifuniko cha safari hakikai juani mwaka mzima, au hakipaswi kukaa. Dawa ya ndani nayo itachakaa siku moja na utaipaka upya. Ni kazi ya mchana mmoja.

Tatizo ni kuipata poliesta ya aina hiyo na kuijua. Muuzaji atakuambia kila kitambaa kigumu ni cha mashua. Kuhusu rangi, fanya kama mama anayenunua kitenge: geuza nyuma. Kama upande usiopakwa dawa una rangi na upande wa ndani wa uzi ni mweupe ukiuchambua kwa ukucha, rangi imepakwa juu tu. Kuhusu aina ya uzi, omba kipande, chomoa nyuzi mbili tatu, toka nje na kiberiti. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha majivu mepesi. Poliesta inakimbia moto kwanza, inayeyuka, inatoa moshi mweusi, kisha inaacha kijidonge kigumu usichoweza kukiponda kwa vidole. Akriliki inawaka kwa pupa na kuacha donge jeusi linalovunjika. Polithini inanuka kama mshumaa. Kipande chenye PVC kinazimika ukikiondoa motoni na harufu yake inachoma pua, usiivute. Kuna wauzaji watakaokukasirikia. Muuzaji mwenye mali halali atakuazima kiberiti chake.

Ukishapata kitambaa, usimwachie fundi aamue uzi. Kitambaa kizuri kilichoshonwa kwa uzi wa pamba kitafumuka mishono kikiwa bado kipya. Uzi uwe wa poliesta, mnene, ule wa kushonea viti vya magari na mabegi, na cherehani iwe ya kazi nzito yenye sindano namba 18 hadi 20. Mishono ikunjwe na kupigwa mara mbili, na ielekezwe ili upepo wa mbele usiingie chini ya mkunjo. Pete za kupitishia kamba ziwe za shaba. Za chuma zitashika kutu kama mabati na kutu yenyewe itakula kitambaa kinachozizunguka.

Na sasa ile bashi ya mzee. Kata vipande vyake, vishone juu ya poliesta kila mahali penye ncha: kona za kioo, vyuma vya kamba, omo (mbele ya kanoti), kichwa cha motere. Upande wa ndani, mahali palepale, weka kitambaa laini, hata blanketi kuukuu, ili chuma kikutane na kitu kinachokubali kusuguliwa. Kamba isipite juu ya kifuniko hata mara moja. Ipitishe kwenye pindo la chini, kuanzia omo hadi tezi (nyuma), halafu mikanda ishuke kwenye trela. Vipande vya mpira wa ndani wa tairi, ambavyo wenye chukudu, vile vigari vya mbao vya magurudumu mawili, wanavitumia, vinafaa kukaza pindo kwa sababu vinavuta muda wote bila kulegea.

Acha matundu mawili ya hewa yenye kofia, moja karibu na omo na jingine tezi, yakiangalia nyuma. Ukirudi safari, suuza vumbi la lava kwa maji mengi kabla ya kukunja, wala usikunje kikiwa na majivu ndani. Maji ya ziwa yanafaa. Usikiloweke kwenye maji ya moto yenye magadi makali, maana hiyo ndiyo sumu ya poliesta, ingawa asidi inaivumilia.

Kuhusu bei, poliesta nzuri itakuwa ghali kuliko bashi, na ya kutoka nje inapita mikono mingi kabla haijafika Birere. Mwombe fundi akupe bei ya kitambaa, ya uzi na ya mkono, kila moja peke yake. Ukilazimika kupunguza, punguza ukubwa: kifuniko kinachoishia chini kidogo ya ukingo wa kanoti kinatosha kwa safari, na kinashika upepo mdogo kuliko kile kinachoteremka hadi kwenye magurudumu.