Mafunzo ya kuibadili CiviCRM: nani apelekwe, na afundishwe nini

Shirika linalotunza orodha ya wanachama na wafadhili wake ndani ya CiviCRM hufika mahali pa kuamua: tuwalipie vijana wetu wa kompyuta mafunzo ya vitendo wajue kuibadili programu hii, au tuite mtaalamu kila tunapokwama? Mimi nasema wapelekwe, ila nina masharti.

CiviCRM ni programu huria. Msimbo wake, yaani maandishi ya kiprogramu yanayoiendesha, umekuwa wazi tangu 2005, lakini uwazi huo haukusaidii kitu kama ofisini hakuna anayeweza kuusoma. Chukua namba za simu. Karani mmoja anaingiza 0712, mwingine +255712, wa tatu anaacha nafasi katikati. Ujumbe wa mkutano ukitumwa, wapo wasioupata. Kwenye mafunzo, mwanafunzi anaandika amri moja ya civix, zana ya watengenezaji wa CiviCRM, inamjengea mifupa ya kiendelezi, yaani nyongeza inayopachikwa kwenye programu bila kugusa mafaili yake. Kisha anaweka mistari michache ndani ya hook_civicrm_pre, sehemu ya msimbo ambayo programu huiita kabla ya kuhifadhi rekodi. Anahifadhi, na 0712 inageuka +255712 mbele ya macho yake. Halafu anagundua kuwa namba za zamani zimebaki vilevile, kwa kuwa kazi ile hufanyika wakati wa kuhifadhi tu, hivyo inabidi azipitie kwa API, njia ya kuzisoma na kuzibadili rekodi kwa msimbo. Somo la namna hiyo hulipati kwa kumtazama mtaalamu akifanya.

Wanaopinga nao hawasemi ovyo. Kijana akishaiva hupata kazi yenye mshahara mnono, na kiendelezi chake kinabaki yatima. CiviCRM hutoa toleo jipya kila mwezi. Aliyechokonoa mafaili ya programu yenyewe badala ya kuandika kiendelezi hukuta kazi yake imefutwa siku ya kusasisha. Tena mengi yaliyohitaji msimbo zamani leo hufanyika kwa kipanya, kupitia SearchKit na FormBuilder, zana za CiviCRM za kutafuta taarifa na kutengeneza fomu. Ofisi moja niliyoifanyia kazi ilikuwa na ripoti ya ada iliyoandikwa kwa PHP, lugha ya kuandikia programu, ndefu, na hakuna aliyethubutu kuigusa. SearchKit iliitoa ripoti ileile kwa asubuhi moja. Iliniuma kufikiria fedha iliyokwenda pale.

Kwa hiyo wapelekwe wawili, asiende mmoja peke yake, na waanze na yasiyohitaji msimbo. Wafanyie mazoezi kwenye nakala yenye majina ya kubuni. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, na orodha ya wanachama si kitu cha kusambaza kwenye laptop za darasani. Siku ya mwisho wasasishe mfumo na kuona kama kiendelezi chao bado kinafanya kazi. Kabla ya kulipa ada, muulize mwalimu siku hiyo imo kwenye ratiba? Kama haimo, fedha hiyo mpeni mtaalamu.