Programu za Biblia kwenye Linux: mzigo ubebwe na distro au na Flatpak?

Anayetaka kuchimba Maandiko kwenye Linux kwa programu huria, mara nyingi ataishia kwenye SWORD, maktaba ya C++ inayotunzwa na CrossWire Bible Society chini ya leseni ya GPL toleo la 2. Juu yake zimejengwa Xiphos (iliyoitwa GnomeSword hadi 2009), BibleTime inayotumia Qt (maktaba ya kuchora madirisha), Ezra Bible App, na diatheke kwa wanaopenda terminali. Zote zinasoma moduli zilezile: Biblia, kamusi na fafanuzi. Ubishi uliopo ni wa kufunga vifurushi. Je, kazi hiyo ibaki kwa watunza vifurushi wa distro, yaani matoleo ya Linux kama Debian, Fedora, Arch na openSUSE, au waandishi wa programu wafunge wenyewe kwa Flatpak au Snap, mifumo inayofunga programu pamoja na vitegemezi vyake, na kumfikia kila mtu kwa mpigo mmoja?

Upande wa distro una hoja nzito. Maktaba inawekwa mara moja na programu kadhaa zinaitumia kwa pamoja. Dosari ikigunduliwa katika curl (ya kupakua) au ICU (ya kushughulikia herufi), ambazo SWORD inazitegemea, sasisho moja la mfumo linaponya zote. Kwenye Debian kazi imegawanywa vizuri: libsword-common ina faili za pamoja, libsword-utils ina zana za kutengeneza moduli, na diatheke ni kifurushi chake peke yake, hivyo seva isiyo na skrini haibebi Qt bure. Kwa mtu wa bando la kuhesabu, vifurushi hivi ni vyepesi, tena vinaweza kubebwa kwenye flashi.

Ila distro ina udhaifu wake. Jina la faili la maktaba ya SWORD hubeba namba ya toleo, kwa kuwa waandishi hawaahidi kwamba toleo jipya litapatana na programu zilizokompailiwa kwa la zamani. Likija jipya, kila programu inayoitegemea lazima ikompailiwe upya kwa pamoja, na moja ikikwama zote zinasubiri. Vitegemezi navyo vinachakaa. Xiphos ya mfululizo wa 4.1 ilijengwa kwa waf, zana ya ujenzi iliyohitaji Python 2, na Python 2 ilifikia mwisho wa matengenezo tarehe 1 Januari 2020. Ilibidi mfumo mzima wa ujenzi uhamishiwe CMake katika 4.2. CLucene, inayotengeneza faharasa ya utafutaji, toleo lake la 2.3.3.4 ni la 2011, na hadi leo watunza vifurushi wanaibandika viraka ili ikubaliwe na kompaila mpya. Kazi hiyo haionekani na hailipwi. Akichoka mtu mmoja, programu inaondolewa kwenye hazina, na mtumiaji anagundua siku anapohamia toleo jipya la mfumo.

Hapo ndipo Flatpak inapong'aa. Mwandishi wa programu anachagua toleo la SWORD alilolijaribu, anaweka CLucene yenye viraka vyake, na mwenye Ubuntu ya miaka minne iliyopita anapata kitu kilekile anachopata mwenye Fedora mpya. Ripoti za hitilafu nazo zinasomeka, maana mwandishi anajua hasa mtumiaji ana nini.

Gharama yake ni mbili. Ya kwanza ni uzito: mazingira ya GNOME au KDE yanayokuja na programu ya kwanza ya Flatpak ni mamia ya megabaiti, ilhali Biblia nzima iliyobanwa ni megabaiti chache tu. Ya pili inawachanganya watu zaidi. SWORD huweka moduli za mtumiaji kwenye ~/.sword, na programu iliyofungiwa ndani ya Flatpak kwa kawaida haiioni folda hiyo. Mtu anaweka Biblia yake kwa Xiphos ya distro, anafungua BibleTime ya Flatpak, anakuta rafu tupu, anapakua upya, na sasa ana nakala mbili zinazosasishwa kila moja kivyake. Dawa ni mstari mmoja, ukiweka kitambulisho cha programu mahali pa KITAMBULISHO:

flatpak override --user --filesystem=~/.sword KITAMBULISHO

Ruhusa hiyo peke yake haitoshi kama programu imeelekezwa kutafuta moduli ndani ya ~/.var/app, folda ya Flatpak yenyewe; hapo ongeza --env=SWORD_PATH= na njia kamili ya folda. Snap ni ngumu zaidi: ruhusa yake ya kawaida ya folda ya nyumbani haifiki kwenye folda zinazoanza na nukta, kwa hiyo ~/.sword inabaki nje hadi mfungaji aombe ruhusa maalumu.

Tukipima pande zote mbili, jawabu lisilofanya ushabiki ni kugawana. Maktaba, zana na diatheke zibaki kwa distro, kwa sababu hati za terminali na seva zinazitegemea na hazibadiliki sana. Programu zenye madirisha ziwe na Flatpak pale distro ilipochelewa, kwa sharti kwamba mfungaji ameifungua ~/.sword tangu mwanzo, asimwachie mtumiaji kuitafuta.

Vipi maandiko yenyewe? Debian imewahi kufunga baadhi ya moduli kama vifurushi, na inavutia kuona Biblia ikiwekwa kwa apt, zana ya Debian ya kuweka vifurushi. Hata hivyo njia hii haifiki mbali, na kinachoizuia ni leseni. Kila moduli ina faili la .conf ndani ya mods.d, na humo kuna mstari wa DistributionLicense. Ukisomeka Public Domain, hakuna tatizo. Ukisomeka "Copyrighted; Permission to distribute granted to CrossWire", ruhusa ni ya CrossWire peke yao; distro ikiifunga imevunja ahadi ya mtu mwingine. Leseni za Creative Commons zinazokataza biashara au mabadiliko nazo hazipiti kwenye hazina kuu ya Debian. Kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili lina uzito, kwani tafsiri iliyozoeleka makanisani, Union Version ya 1952, haki zake zimo mikononi mwa vyama vya Biblia. Kuichukua kwenye tovuti fulani na kuigeuza moduli hakuifanyi iwe huru. Maandiko yaachwe yapitie hazina za SWORD zenyewe, na distro iache mlango wazi.

Mlango huo una misumari yake. Kwa terminali hutumika installmgr, zana ya SWORD ya kuweka moduli, na hatua ni hizi:

installmgr -init
installmgr -sc
installmgr -r CrossWire
installmgr -rl CrossWire
installmgr -ri CrossWire JINA

Ya kwanza inaandaa mipangilio, ya pili inaleta orodha ya hazina, ya tatu inasoma upya yaliyomo, ya nne inayaorodhesha, na ya mwisho inaweka moduli. Ikikwama kwenye hatua ya tatu, mara nyingi ni FTP (njia ya zamani ya kuhamisha faili) kuzibwa na ruta; hakikisha PassiveFTP=true iko ndani ya InstallMgr.conf, au tumia chanzo cha HTTPS kama hazina inacho. Mwanzoni programu huonya kwamba anayeishi mahali ambapo Wakristo wanateswa asitumie vyanzo vya mtandaoni. Kuna wafungaji wanaotamani kulinyamazisha onyo hilo ili programu ianze bila maswali. Wasiliguse. FTP haifichi chochote, na kwa baadhi ya wasomaji jina la moduli likionekana njiani ni hatari ya kweli. Hao, pamoja na wasio na intaneti, wana njia ya flashi: installmgr -ll NJIA huorodhesha zilizomo, na installmgr -li NJIA JINA huweka moja.

Sasa tuje kwenye kuboresha, ambako kwa maoni yetu ndiko nguvu ingefaa kwenda kuliko kwenye ubishi wa distro na Flatpak. Moduli ya Kiswahili huharibika mahali pawili panapojulikana. Pa kwanza ni usimbaji, yaani jinsi herufi zinavyohifadhiwa kwenye faili. Faili la .conf likikosa Encoding=UTF-8, SWORD hudhani ni Latin-1 (usimbaji wa zamani), na kila ritifaa iliyopinda katika ng’ombe au ng’ambo hugeuka alama tatu za ajabu. Kiswahili karibu chote ni herufi za kawaida, kwa hiyo kosa halionekani kwenye Mwanzo 1 na moduli inatolewa hivyo hivyo. Hata usimbaji ukiwa sawa, anayeandika ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka hatapata ng’ombe yenye iliyopinda. Chagua moja kwa moduli nzima kabla ya kuendesha osis2mod, zana inayogeuza maandishi kuwa moduli.

Pa pili ni mpangilio wa mistari. Usipotaja, osis2mod hutumia mpangilio wa King James, ambamo 3 Yohana ina mistari 14 na Ufunuo 12 ina 17. Tafsiri yenye 3 Yohana 15 au Ufunuo 12:18 mstari wake wa ziada hugandishwa kwenye uliotangulia, na kinachobaki ni onyo kwenye terminali ambalo hakuna anayelisoma. Tobiti na Yuditi hazina nafasi kabisa. Taja mpangilio kwa -v NRSV, au -v NRSVA au Catholic kwa Biblia yenye vitabu vya deuterokanoni, kisha uandike neno lilelile kwenye Versification= ndani ya .conf. Vikitofautiana, kila rejeo linasogea. Kwenye mstari wa Lang wa .conf andika sw. Moduli ya Kiswahili cha Kongo iandikwe swc, ili programu isizichanganye kwenye orodha.

Majina ya vitabu yanahitaji uangalifu wa pekee. Faili la lugha katika locales.d lina sehemu ya [Text] yenye mistari kama Genesis=Mwanzo na I John=1 Yohana, na sehemu ya [Book Abbrevs] yenye vifupisho kwa herufi kubwa. SWORD hulinganisha kifupisho na mwanzo wa jina. Kwa Kiingereza hilo latosha: Rom ni mwanzo wa Romans. Kwetu vitabu vingi huanza na Wa-, ilhali vifupisho vyetu huiruka: Rum, Gal, Efe, Flp, Kol, Ebr, Amu. Vingi vyao havitatambuliwa bila kuandikwa waziwazi, RUM=Rom, AMU=Judg, na kadhalika. Yo- nayo inagombewa na Yoeli, Yohana, Yona na Yoshua; bila YN=John na YON=Jonah msomaji wa Injili anaweza kujikuta kwa nabii. Faili hili lipelekwe kwa CrossWire wenyewe. Likibaki kiraka cha distro moja, anayetumia nyingine hatalipata.

Utafutaji ndio mgumu kuliko yote. Faharasa ya Lucene, inayotengenezwa kwa mkfastmod, huhifadhi maneno mazima. Kwa Kiingereza love* inakusanya loved na loveth. Kwetu mzizi uko katikati: aliupenda, anipendaye, tupendane ni maneno matatu yasiyo na mwanzo mmoja, na Lucene kwa kawaida haikubali nyota mwanzoni. Kwa leo njia ya uhakika ni utafutaji wa ruwaza, ambao hausomi faharasa bali maandishi yote:

diatheke -b SwaMfano -s regex -k 'pend[ae][^z]'

SwaMfano ni jina la mfano. Weka la moduli yako. Hiyo [^z] inaizuia kupendeza isijae kwenye majibu, lakini mpendwa naye anaachwa nje, kwa hiyo mtafute kwa pendwa peke yake. Ni polepole kuliko faharasa, ila kwa Biblia ya mistari 31,000 na ushee inavumilika. Atakayeandika kichambuzi kinachovua viambishi vya kitenzi kabla ya kuingiza neno kwenye faharasa, kisha akakifikisha ndani ya SWORD yenyewe, atakuwa amemsaidia msomaji wa Xiphos, wa BibleTime na wa diatheke kwa mara moja, awe ameiweka kwa apt, dnf au Flatpak.